Kuhifadhi, kupanga na kugawa mbegu za bustani yako

Kwenye sanduku langu la mbegu kuna bahasha moja ambayo nimeshindwa kuitupa. Ndani mna mbegu bapa, zimechongoka, rangi ya maziwa. Juu yake nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa kujiamini: "Zile tamu." Basi. Hakuna mwaka wala jina. Mbegu za tango na za tikiti dogo zinafanana kama mapacha, na msimu ule nilikuwa nimelima vyote viwili. Matango yale hayakuwa na uchungu hata kidogo, kwa hiyo nayo niliyaita matamu.

Naitaja mapema kwa sababu mtu akianza kutunza mbegu, swali lake la kwanza huwa ni chupa gani na baridi kiasi gani. Tutafika huko. Lakini mbegu za nyumbani nilizowahi kupoteza zimepotea kwa njia tatu, na kukosa friji si mojawapo: niliziweka zikiwa mbichi, zililiwa na fukusi, au sikujua tena ni za nini.

Hatua ya 1: Chagua mbegu zinazostahili nafasi

Si kila mbegu inayotoka kwenye tunda ni ya kuweka. Mbegu chotara, zile ambazo pakiti yake imeandikwa F1, zitazaa watoto wasiofanana na mzazi wala wao kwa wao. Mimea inayochavushwa na nyuki au upepo nayo huchanganyika: mahindi ya aina mbili yaliyo jirani, maboga ya jamii moja, pilipili kali iliyopandwa kando ya hoho. Kwa maboga na pilipili, tunda la msimu huu litakuwa la kawaida kabisa. Mchanganyiko utauona kwenye mimea ya mwakani. Kama ndiyo unaanza, anza na maharage, njegere, nyanya na saladi. Maua yake kwa kawaida hujichavusha yenyewe, na ni nadra kukuangusha.

Mimea ya mbegu iteue mapema, kabla hujaanza kuvuna ya kula. Funga uzi wa rangi kwenye ile yenye afya na inayozaa vizuri, na wote nyumbani waambiwe kwamba hiyo haiguswi. Kosa la kawaida ni kula maganda mazuri yote, kisha yale machache ya mwisho, yaliyochelewa na kudumaa, ndiyo yanaachwa yawe mbegu. Ukifanya hivyo miaka mitano mfululizo, utakuwa umejichagulia aina inayochelewa na kudumaa.

Acha zikomae kweli. Ganda la maharage likaukie kwenye mmea mpaka ukilitikisa linalia. Tango la mbegu si tango la kuliwa: liache mpaka ligeuke njano na kunenepa, na biringanya vilevile mpaka ipoteze mng'ao wake na kuanza kuwa ya hudhurungi.

Kuna na mbegu zisizokubali kukaushwa hata kidogo. Embe, parachichi, fenesi na kakao zikikauka zimekufa. Hizo pandeni zikiwa bado na unyevu wake. Hatua zinazofuata haziwahusu wenye hizo.

Hatua ya 2: Safisha

Mbegu kavu, yaani za maharage, mchicha, saladi, giligilani, vitunguu na wenzao, zipukuchue na kuzipepeta kwenye ungo mahali penye upepo mdogo. Usiwe mvivu hapa. Makapi huvuta unyevu na kuficha mayai ya wadudu. Toa zilizojikunja, zilizotobolewa na zenye madoa.

Mbegu za nyanya zimevikwa ute unaozuia kuota, na ute huo unaondoka kwa kuchachushwa. Kamulia mbegu na maji yake kwenye bilauri, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa na uache siku 2 hadi 3 mahali penye uvuguvugu. Itanuka na kutanda ukungu mweupe juu. Ndivyo inavyotakiwa, ila iweke mbali na chumba cha kulala. Ukizidisha siku, mbegu zitaanza kuotea humo humo. Mimina maji mengi, koroga, subiri: mbegu nzima zinazama, mapepe na nyama vinaelea. Mwaga vinavyoelea, rudia mpaka maji yawe safi.

Kisha zitandaze kwenye sahani au chujio, si kwenye karatasi laini. Zikikaukia kwenye karatasi laini zinaganda nayo, na huwezi tena kuzihesabu wala kumgawia mtu.

Tango na tikiti unaweza kuzifanyia vivyo hivyo. Pilipili hazihitaji, zikwangue tu na kisu butu, na kama ni kali vaa glavu. Jambo hilo mtu huambiwa mara moja akalipuuza mara moja.

Hatua ya 3: Kausha, halafu kausha tena

Hapa ndipo usipopaswa kuwa na haraka. Mbegu iko hai. Imelala, inapumua polepole, inakula akiba yake kidogo kidogo, na kinachoiharakisha ni unyevu na joto. Mtaalamu wa mbegu James Harrington aliliweka jambo hili kwenye kanuni mbili rahisi: kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu, maisha yake ghalani yanakuwa maradufu, na kila unaposhusha joto kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi, yanakuwa maradufu pia. Kanuni ya unyevu inashika mbegu zikiwa kati ya asilimia 5 na 14.

Piga hesabu. Mbegu ukizitoa asilimia 13 ukazifikisha 9, umezidisha kwa mbili mara nne: maisha yamekuwa marefu mara 16. Ukizihamisha kutoka rafu yenye nyuzi 25 kwenda kwenye friji yenye nyuzi 5, nako umezidisha kwa mbili mara nne: mara 16 vilevile. Maana yake asiye na friji lakini anayejua kukausha yuko sawa na mwenye friji asiyejua. Kwa kweli yuko mbele, kwa sababu mbegu mbichi ndani ya chupa iliyofungwa huota ukungu, friji au si friji.

Anza na hewa. Zitandaze mbegu tabaka moja kivulini, penye upepo, na uzigeuze kila siku. Mbegu ndogo huchukua wiki moja hivi, kubwa wiki 2 hadi 3. Joto lisipite nyuzi 35. Usizianike juu ya bati wakati wa jua kali, na usiziweke kwenye tanuri wala mikrowevu. Utatoa mbegu nzuri kwa macho ambazo hazitaota kamwe. Jioni ziingize ndani, la sivyo umande wa usiku utarudisha kile ambacho mchana umeondoa.

Zimekauka? Usiulize macho, uliza vidole na masikio. Weka punje ya haragwe au hindi juu ya jiwe uipige nyundo. Kavu hupasuka vipande kwa mlio mkali. Mbichi hubonyea na kutandazika. Mbegu ya boga au tango ikunje kwa vidole: ikikatika "ta!" ni kavu, ikipinda na kurudi bado.

Kwa punje kubwa kuna pia kipimo cha chumvi. Kaanga chumvi kwenye sufuria kavu mpaka isiwe na unyevu wowote, iache ipoe. Kwenye chupa ya kioo iliyo kavu weka mbegu kufika robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mbegu bado zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Ikishuka chini yote, ziko chini ya hapo. Kumbuka lakini kwamba chini ya 15 ni mwanzo tu. Kwa kupanda miezi michache ijayo inatosha. Kwa kuweka miaka, endelea kukausha. Zile mbegu za jaribio usizirudishe kwenye fungu.

Penye hewa nzito yenye unyevu, kuna mahali mbegu zitagoma kukauka. Mbegu hulingana na hewa inayozizunguka, na hewa ikiwa na maji, hata mwezi mzima kivulini hautasaidia. Hapo tumia kitu kinachovuta unyevu. Jeli ya silika, zile chembe za vifuko vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu na vyombo vya umeme, inafaa sana: weka uzito sawa na wa mbegu, mbegu zikiwa kwenye bahasha au kifuko cha kitambaa, vyote ndani ya chupa isiyopitisha hewa, kwa wiki moja. Kisha toa mbegu na uzihamishie kwenye chupa yake. Vifuko vichache vilivyokaa droo mwaka mzima vimeshajaa maji; vipashe moto kwa upole vikauke kabla ya kuvitumia. Usipopata silika, kaanga mchele bila mafuta mpaka ukauke kabisa, uache upoe ndani ya chupa iliyofungwa, na utumie mara mbili ya uzito wa mbegu kwa wiki mbili. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya silika, lakini ipo.

Jamii ya maharage na bamia usizipitishe kiasi. Zikikauka mno ganda linakuwa gumu na halinyonyi maji. Utapanda na kusubiri mpaka uchoke.

Hatua ya 4: Chombo na mahali

Karatasi hupitisha unyevu. Mfuko mwembamba wa plastiki nao hupitisha, polepole. Chupa ya kioo yenye mpira kwenye mfuniko haipitishi. Ijaribu: jaza maji, funga, ipindue juu ya karatasi kavu usiku kucha. Karatasi ikilowa, chupa hiyo ni ya karanga.

Huna haja ya chupa kwa kila aina. Tia mbegu kwenye bahasha ndogo za karatasi, kisha bahasha ishirini ziingie chupa moja kubwa pamoja na kifuko cha silika. Bahasha inatenganisha, chupa inalinda.

Kuna kanuni nyingine ya zamani: jumla ya joto la chumba kwa Farenhaiti na asilimia ya unyevu wa hewa isizidi 100. Chumba cha nyuzi 25 za Selsiasi ni 77 za Farenhaiti, kwa hiyo hewa yake ingepaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 23. Nyumba nyingi hazifiki huko hata wakati wa kiangazi kikali. Ndiyo maana chupa iliyofungwa si anasa.

Mahali pawe na giza na pasipobadilika joto. Chini ya kitanda ni pazuri kuliko kabati la juu jikoni. Juu ya friji ni pabaya, kwa sababu joto la mashine hupanda huko.

Ukitumia friji, kosa linaloua mbegu nyingi ni hili: unatoa chupa, unaifungua papo hapo, na hewa ya chumba inageuka matone juu ya mbegu baridi. Itoe, iache imefungwa mpaka kesho yake, ndipo ufungue. Chukua unazotaka zote kwa mara moja.

Friza ni kwa mbegu zilizokaushwa vizuri tu. Ghala la mbegu la Svalbard huko Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008, hutunza mbegu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini zinazofika pale zimekaushwa kwanza. Maji yaliyobaki ndani ya mbegu mbichi huganda na kupasua chembe hai zake.

Hatua ya 5: Fukusi

Niliwahi kufungua chupa ya maharage niliyoifunga mwenyewe miezi mitatu kabla, mfuniko umekaza, na nikakuta unga chini na vijidudu vya kijivu vinatembea juu ya punje. Kila punje ilikuwa na tundu la mviringo, safi kama limepigwa na kitoboleo. Nikashangaa waliingilia wapi. Hawakuingia. Nilikuwa nimewafungia humo. Fukusi wa maharage na wa kunde huanza kutaga maganda yakiwa bado shambani, funza anajichimbia ndani ya punje, na kwa nje huoni kitu.

Kwa hiyo kila fungu la jamii ya maharage lichukulie kwamba tayari linao. Mwenye friza: mbegu zikishakauka kwa kipimo cha nyundo, zifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, zigandishe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja, kisha uziache zirudi joto la chumba kabla ya kufungua. Mayai, funza na wakubwa wote wanakufa.

Asiye na friza ajaze chupa mpaka shingoni na kuifunga barabara. Wadudu wakikosa hewa hawaendelei. Ni chupa iliyojaa nusu inayowapa nafasi ya kupumua. Au changanya na majivu laini, makavu, yaliyochekechwa, ya kutosha kuziba nafasi zote kati ya punje. Au paka mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja ya maharage, kisha usugue kwa viganja mpaka kila punje ing'ae. Mafuta huziba mayai. Mimi hupendelea majivu kwa mbegu za kupanda na mafuta kwa za kula, kwa kuwa mafuta yakizidi yanaweza kupunguza kuota.

Hatua ya 6: Lebo kabla ya mbegu

Andika bahasha kwanza, ndipo utie mbegu. Ukitia kwanza utasema "nitaandika jioni", na jioni utakuwa na bahasha sita zinazofanana.

Tumia penseli. Wino wa kalamu nyingi hufifia na ukilowa unatambaa. Penseli haifanyi hivyo. Lebo ziwe mbili, moja nje na kipande cha karatasi ndani, kwa sababu ya nje hubanduka. Yangu sasa huwa hivi:

Kunde nyekundu, zinazotambaa
KUN-24-3
Zimevunwa mwezi wa 7, 2024, mimea 25
Asili: kwa jirani, 2019
Zimegandishwa. Zilijaribiwa: 9 kati ya 10
Zinapenda kupanda juu ya kitu. Maganda hupasuka yakichelewa kuvunwa.

Mstari wa namba ndio unaounganisha bahasha na daftari. Herufi tatu za mmea, mwaka wa mavuno, namba ya fungu. Hata lebo ikichanika, KUN-24-3 ikibaki nimeokoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani aliyesema hivyo aliwahi kushika bahasha kama yangu. Kwenye daftari ndimo mnaingia yale yasiyotosha kwenye bahasha: ilipandwa lini, iliota siku ya ngapi, ilisimama vipi kwenye ukame, ladha yake, kama kulikuwa na aina nyingine ya jamii yake jirani, na nani amechukua. Simu inafaa pia, ila piga picha ya tunda na ya mbegu zenyewe mkononi ili ukubwa uonekane.

Idadi ya mimea iliyotoa mbegu usiiache. Maharage yanaweza kuendelea vizuri kutoka kwenye mimea michache. Mahindi hapana: ukichukua mbegu kwa mimea kumi, baada ya vizazi vichache utaona yanafifia na kufupika. Yanahitaji mimea 100 au zaidi. Anayepokea mbegu zako ana haki ya kujua.

Hatua ya 7: Zipange kwa wakati wa kupanda

Nilianza na alfabeti. Inapendeza kwa macho, lakini hakuna anayesimama bustanini akasema leo napanda herufi K. Sasa sanduku langu limegawanywa kwa vipande vya kadibodi: za kupanda mvua zikianza, za katikati ya msimu, za wakati wa baridi, za muda wowote. Msimu ukifika natoa fungu moja zima. Ndani ya kila fungu, za zamani zinakaa mbele ili zitumike kwanza.

Kwenye kona ya bahasha naandika mwaka wa mwisho wa kuziamini. Kwa mbegu kavu zilizowekwa mahali pa kawaida pa baridi kiasi, mimi hutumia makadirio haya. Vitunguu na liki: mwaka 1, ukibahatika 2. Mahindi, bamia na pilipili: 2 hadi 3. Karoti na spinachi: 3. Maharage na njegere: 3 hadi 4. Nyanya, biringanya, kabichi na maboga: 4 au zaidi. Matango na matikiti: 5 au zaidi. Chupa kavu kwenye friji huzidisha haya. Rafu yenye joto na unyevu huyakata vibaya.

Utasikia habari za mbegu za mtende zilizochimbuliwa kwenye ngome ya kale ya Masada huko Israeli, zenye umri wa miaka karibu 2000, na moja yake ikaota mwaka 2005. Ni kweli. Kitunguu chako si mtende.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kupanda au kugawa

Hesabu mbegu 10, au 20 kama unazo. Lowesha karatasi laini kisha uikamue, isitiririshe maji. Panga mbegu zisigusane, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki usiobanwa kabisa, andika namba na tarehe, weka mahali penye nyuzi 20 hadi 30. Angalia kila siku kuanzia siku ya tatu. Maharage hujibu ndani ya wiki; pilipili na karoti zipe hata wiki mbili au tatu. Hesabu zile tu zilizotoa mzizi wenye afya, si zilizovimba.

Ikiota 8 kati ya 10, panda kawaida. Ikiwa 5, panda maradufu, na mwaka huu uvune mbegu mpya bila kukosa. Ikiwa 2, usimpe mtu. Zioteshe zote kwenye vikasha, ujaribu kuokoa ukoo. Kutaka mimea 30 kwa mbegu zinazoota 6 kati ya 10 ni kupanda 50, na ongeza kidogo kwa ajili ya ndege.

"Zile tamu" nilizijaribu mwaka jana: 20 kwenye karatasi, zikaota 7. Miche saba nayo bado haikuniambia ni nini, maana majani ya kwanza nayo yanafanana. Zilipozaa zikawa matango.

Hatua ya 9: Gawa

Zile kunde za lebo hapo juu zilifika kwangu kwa mkono wa mtu, na zimewahi kuniponyoka. Mwaka mmoja mvua ilikata mapema, sikuvuna hata ganda, na chupa ya akiba nilikuwa nimeshaimaliza kwa tamaa. Nilizipata tena kwa mtu niliyempa kiganja kimoja misimu miwili nyuma, ambaye alikuwa hata amesahau kwamba zilitoka kwangu. Daftari lilikumbuka. Tangu hapo kila mavuno ya mbegu nayagawa mafungu matatu: ya kupanda, ya akiba yasiyoguswa mpaka mavuno mapya yaingie ndani, na ya kutoa. La kutoa silipunguzi ili kuongeza mengine.

Toa kiasi kinachoweza kuendeleza aina, si cha kuonja tu. Punje 30 hadi 50 za maharage zinatosha, mbegu 20 hadi 30 za nyanya, 10 hivi za boga. Mahindi usitoe punje ishirini. Toa vikombe viwili, au mwambie mtu ukweli kwamba hana za kutosha kutunza ukoo. Na chota baada ya kuchanganya fungu lote, ili apate watoto wa mimea mingi na si wa mmea mmoja.

Andika kila kitu unachokijua, pamoja na usichokipenda. "Huenda zimechanganyika, kulikuwa na boga jingine jirani" ni sentensi inayomwokolea mtu msimu mzima. Mbegu zilizotoka kwenye mmea mgonjwa usizitoe hata ukizionea huruma: magonjwa kadhaa ya maharage, kama chule na batobato, husafiri ndani ya mbegu, na ukigawa unayasambaza bustani kwa bustani. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya waridi au buluu, zisihamishwe kutoka kwenye pakiti yake ya asili. Mtoto au kuku hasomi rangi.

Mkikutana kubadilishana, meza ipangwe kwa jamii ya mimea: maharage upande huu, maboga na matango kule, mboga za majani pale. Kila chombo kiwe na kijiko chake na bahasha tupu na penseli kando yake. Kanuni moja iwe ngumu: hakuna kuchota kabla ya kuandika. Mbegu zisizo na jina ziwe na meza yake ya mwisho, kwa wapenda bahati nasibu. Na asiye na cha kuleta asirudishwe. Mwandike, alete mavuno yakija.

Kwa posta, bahasha ya kawaida hupita kwenye mashine zinazosaga punje kubwa. Zibandike mbegu kati ya vipande viwili vya kadibodi au uzifunge kwenye karatasi yenye mapovu ya hewa.

Kuvuka mpaka ni jambo jingine. Nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu zinazoingia, hata pakiti moja mfukoni, na sababu yake ni ya kweli: wadudu na magonjwa husafiri hivyo. Uliza mamlaka ya nchi zote mbili kabla hujatuma. Sheria za ndani nazo hutofautiana. Aina iliyosajiliwa kwa haki za mgunduzi inaweza kuwa na masharti ya kuigawa, na mahali pengine kuuza mbegu zisizothibitishwa ni kosa ingawa kumpa jirani si kosa. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea kwa chakula na kilimo, uliopitishwa mwaka 2001, unataja haki za wakulima za kuhifadhi, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu zao, lakini umeziacha chini ya sheria ya kila nchi. Kwa hiyo ni sheria ya kwako utakayoisoma.

Msimu ukiisha, mtafute uliyempa na umuulize mambo matatu: ziliota ngapi, zilizaa vipi kwake, na amebakiza mbegu? Jibu la tatu liandike kwa namba ya fungu na tarehe. Likiwa "hapana", mpelekee nyingine kutoka kwenye fungu la kutoa, kama bado lipo.